Kuvua Samaki Kwenye Mabwawa ya Biva: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Siku hizi ukipita Portland au Lewiston, jimboni Maine, unasikia Kiswahili dukani, kanisani, msikitini na kwenye kituo cha basi. Wengi wetu tumetoka penye maji, na mtu wa Kigoma, Uvira, Bujumbura au Kisumu haachi kuvua kwa sababu tu ya baridi. Ila maji ya huku yana mwenyeji ambaye kwetu hayupo, naye ni biva. Ukifuata kijito msituni, hufiki mbali kabla hujakikuta kimezibwa kwa matawi na tope, maji yametanda katikati ya miti iliyokufa. Hapo ndipo maswali yanapoanza. Majibu haya yanahusu Maine na majirani zake New Hampshire na Vermont, na samaki anayezungumziwa zaidi ni trauti wa vijito, yule mwenye madoa mekundu yaliyozungushiwa buluu na mapezi yenye ukingo mweupe.

Huyu biva ni mnyama gani? Si ndiye fisimaji?

Siye. Fisimaji ni mla nyama, jamaa wa nyegere na kicheche. Biva ni mgugunaji, wa kundi moja na panya, buku na nungunungu, isipokuwa yeye ni mkubwa: mzima ana kilo 16 hadi 30. Mkia wake ni mpana, bapa, hauna manyoya. Meno yake ya mbele yana rangi ya chungwa kwa sababu ya madini ya chuma yaliyomo ndani yake, na ndiyo anayoangushia miti. Kuna biva wa Amerika Kaskazini na biva wa Ulaya na Asia. Afrika hakuna hata mmoja.

Anaziba kijito kwa sababu ya usalama. Nyumba yake, lile rundo la matawi unaloliona katikati ya maji, mlango wake uko chini ya maji. Maji yakiwa na kina, mbwamwitu hawezi kuingia, na barafu ikifunga juu biva bado anaweza kutoka kwa chini kwenda kuchukua matawi aliyoyahifadhi. Maji yakipungua, mlango unabaki wazi. Ndiyo maana ukuta hauachwi uvuje hata usiku mmoja. Ukuta mrefu kuliko zote zinazojulikana uko katika hifadhi ya Wood Buffalo, Alberta, nchini Kanada. Una zaidi ya mita 700 na uligunduliwa mwaka 2007 kwa picha za setilaiti.

Fisimaji nao wapo huku, na wanayapenda sana mabwawa ya biva. Ukikuta magamba na mifupa ya samaki ukingoni, ni kazi yao.

Je, biva anakula samaki?

Hapana, hali kabisa. Chakula chake ni magome, majani, nyasi za majini na mizizi ya mayungiyungi. Anapenda aspeni na mierebi kuliko miti mingine. Wanaokugombania kitoweo ni fisimaji, kulasitara na mdiria.

Sasa bwawa la biva linaongeza samaki au linawaua? Nimesikia yote mawili.

Yote mawili ni kweli, na wanaobishana mara nyingi wanazungumzia maji tofauti.

Kijito kinapozibwa, ardhi iliyokuwa kavu inafunikwa na maji. Majani, mizizi na udongo wake vinaanza kuoza na kutoa rutuba. Wadudu wa majini wanaongezeka, samaki wanapata chakula kingi kuliko walichokuwa wakikipata kwenye mkondo mwembamba, na kina kile kinawapa mahali pa kujificha wakati wa barafu. Trauti ambaye kwenye kijito angebaki na urefu wa kiganja ananenepa upesi. Hiyo ndiyo miaka michache ya neema.

Kisha tope linajaa. Maji yanakuwa mapana na kina kinapungua, jua linayapiga mchana kutwa kwa sababu miti ya kivuli imekufa, na joto linapanda. Trauti wa vijito hustawi maji yakiwa kati ya nyuzi 13 na 18 za Selsiasi. Yakipita 20 anataabika na kutafuta pa kukimbilia. Changarawe anapotagia mayai nayo inafunikwa na tope. Bwawa likifika hapo, samaki wanabaki wachache, au wanabaki wengi lakini wamedumaa.

Ila miaka peke yake haiamui. Kijito chenye mteremko na chemchemi zinazobubujika kutoka chini kinaweza kubaki baridi kwa muda mrefu sana hata kikiwa na kuta kumi zinazofuatana. Kijito cha tambarare, kinachokwenda polepole, kinaharibika mapema. Ndiyo maana Wisconsin, yenye vijito vingi vya aina hiyo, imekuwa ikiondoa biva na kuta zao kwenye baadhi ya vijito vya trauti tangu miaka ya 1980. Oregon wamefanya kinyume chake. Kwenye kijito cha Bridge Creek walichimbia nguzo za mbao kuiga kuta za biva, biva wenyewe wakaja kuzimalizia, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yakaonyesha kuwa uzalishaji wa samaki wachanga wa aina ya steelhead ulipanda kwa asilimia 175.

Kuhusu samaki kushindwa kupita: ukuta wa biva si zege. Unavuja, una njia za pembeni, na maji yakifurika majira ya kuchipua yanapita juu yake. Watafiti walipofuatilia samaki kwenye kuta za biva huko Utah, trauti wa asili wa huko, aina ya cutthroat, walizivuka kuliko wengine, trauti wa vijito nao hawakuzuiwa nazo, na walioonekana kukwama ni trauti wa kahawia, ambao asili yao ni Ulaya. Kwa maoni yangu, hapa Maine anayemlaumu biva kwa kukosa samaki aanze kwa kupima joto la maji. Kipimajoto cha dola chache kina faida kuliko chambo chochote cha bei kubwa.

Nitajuaje kama bwawa ni changa au limezeeka?

Anza na miti iliyosimama ndani ya maji. Kama imekufa lakini gome bado limeshika na vitawi vyembamba bado vipo, maji yalipanda juzijuzi. Kama imebaki magogo ya kijivu, yasiyo na gome, mengine yameanguka, miaka imepita.

Nenda kwenye ukuta. Matawi mapya yana ngozi ya kijani na alama za meno zilizo nyeupe. Tope lililopakwa juu ni bichi. Hapo kuna familia inayofanya kazi. Ukikuta ukuta umeota nyasi na vichaka, na maji yanapenya sehemu mbili tatu bila mtu wa kuziba, wenyewe wamehama. Wakihama, bwawa hukauka polepole na kugeuka uwanda wa majani mazito, kijito kikirudi kupita katikati.

Tazama sakafu. Chomeka fimbo: ikigonga udongo mgumu baada ya inchi chache, bwawa bado changa. Ikizama mpaka nusu na mapovu yenye harufu ya yai bovu yakapanda, hapo ni pa kuangalia vyura tu. Mayungiyungi yakiwa yametanda kote nayo ni dalili ya uzee, ingawa mimi hupita kingo zake kabla ya kukata tamaa, hasa penye kijito kinachoingia.

Kuna dalili nyingine watu huipita bila kuijua. Majira ya kuchipua biva hujenga vichuguu vidogo vya tope ukingoni na kuvipaka mafuta kutoka tezi zake, kuwaambia biva wengine kwamba hapa pana wenyewe. Harufu yake ni tamu na nzito, wengine huifananisha na vanila. Ukiisikia, bwawa lina watu.

Kwa anayetafuta mabwawa mapya, picha za setilaiti kwenye simu zinasaidia, lakini nyingi zimepitwa na wakati. Bwawa unaloliona kwenye ramani huenda lilishabomoka, na lililo bora zaidi huenda halimo. Biva wadogo hufukuzwa au huondoka nyumbani wakifika takriban miaka miwili, kwa kawaida majira ya kuchipua, wakatafuta pa kuanzia maisha. Kwa hiyo ukikuta bwawa zee lililojaa biva, panda na shuka kijito hichohicho. Mara nyingi watoto wamejenga si mbali.

Nisimame wapi?

Usikimbilie juu ya ukuta. Ndivyo karibu kila mgeni anavyofanya, na kivuli chake kinawatawanya samaki kabla ndoano haijagusa maji. Maji ya bwawa hayana mawimbi ya kukuficha; kila hatua inasikika chini.

Pa kwanza ni chini ya ukuta, upande yanakotokea maji. Yanapodondoka yamechimba shimo, yana hewa, na trauti hukaa hapo mdomo wazi akingoja kinacholetwa. Vua hapo kabla hujapanda.

Pa pili ni mkondo wa zamani. Kijito kilichozamishwa bado kipo chini ya bwawa, na ndipo penye kina na ubaridi. Hauonekani kwa urahisi, lakini fuata kwa macho kijito kinapoingilia juu, halafu tazama mstari ambao miti iliyokufa imeuacha wazi.

Pa tatu ni mdomo wa kijito kinachoingia, hasa Julai na Agosti. Wakati wa joto trauti wote wa bwawa wanaweza kujibana kwenye eneo dogo penye maji baridi. Utawavua kwa urahisi mno, na kwa sababu hiyo napendekeza usiwavue. Kipimajoto kikisoma zaidi ya 20, samaki utakayemrudisha majini ana nafasi ndogo ya kupona.

Pembeni mwa nyumba ya biva pia pazuri. Kuanzia vuli, majani yanapopukutika, hurundika matawi chini ya maji mbele ya mlango kuwa akiba ya majira ya baridi, na samaki wadogo hujificha humo. Utanasisha ndoano nyingi. Usipande juu ya nyumba yenyewe: ndani huenda kuna wanyama, na paa likibomoka mguu wako unaingia kwenye vijiti vilivyochongoka.

Nichukue vifaa gani?

Ufito mfupi, kwa sababu nyuma yako kuna vichaka tu. Mshipi mwembamba. Ndoano ndogo, namba 10 au 12. Nyungunyungu mmoja anatosha, asijazwe mpaka ndoano ikafichika; mwache azame taratibu bila uzito, au kwa kiboya kidogo. Jioni, samaki wakianza kuruka kudaka wadudu, anayejua kutumia nzi bandia atamshinda mwenye nyungunyungu.

Mambo mawili ya sheria hapa. Kwanza, chubwi ndogo (vizito vya mshipi) za madini ya risasi haziruhusiwi Maine, kwa sababu ndege wa majini huzimeza na kufa kwa sumu. Nunua za bati au za chuma kingine. Pili, maji mengi ya trauti hayaruhusu samaki hai kuwa chambo, na mengine hayaruhusu chambo chochote isipokuwa nzi bandia. Soma kanuni za maji yale unayokwenda, siyo za yale uliyovua wiki iliyopita.

Samaki wengi utakaopata hapa wana inchi sita hadi kumi. Aliyezoea sangara wa Ziwa Victoria atacheka. Aonje kwanza.

Msimu mzuri ni upi?

Mei na mwanzo wa Juni. Barafu imeshaondoka, maji bado ni baridi, wadudu wameanza, na samaki wana njaa ya miezi mingi. Bahati mbaya ndio msimu wa usubi, ambao hawachagui mtu. Vaa shati la mikono mirefu la rangi hafifu na wavu wa kichwani. Huo wavu ni wa lazima kuliko ufito. Baada ya usubi wanafuata mbu.

Septemba inarudi kuwa nzuri, na trauti dume wanakuwa na tumbo jekundu kwa kuwa wanajiandaa kurutubisha mayai msimu wa vuli. Kwa kawaida vijito vya kaskazini mwa Maine hufunguliwa Aprili 1 na kufungwa Septemba 30, lakini maji mengine yana tarehe zake.

Nilikuwa nimetulia, ghafla pakatokea mshindo majini kama mtu ametupa jiwe. Ni nini?

Ni biva amekuona. Anapiga maji kwa mkia kuwaonya wenzake, kisha anazama. Anaweza kukaa chini hadi dakika 15, kwa hiyo usimngoje. Samaki walio karibu hushtuka kidogo, lakini wameuzoea mshindo huo tangu wangali wadogo. Kaa kimya dakika chache, kisha endelea. Akirudia tena na tena, ujue uko karibu mno na nyumba yake, pengine ana watoto. Hama mita hamsini, nyote mtapumzika.

Anaweza kunidhuru?

Kwa kawaida anakimbia. Lakini meno yanayokata mti hayashindwi na paja la mtu. Mwaka 2013 huko Belarus mvuvi mmoja alifariki baada ya kuumwa na biva aliyekuwa akijaribu kupiga naye picha. Mshipa mkubwa wa damu ulikatika. Biva aliye nchi kavu, aliyezibiwa njia ya kurudi majini, ni mnyama wa kupishwa.

Kuna pia kichaa cha mbwa. Ni nadra kwa biva, ila kipo. Biva anayekujia badala ya kukukimbia, au anayekuuma ndani ya maji mchana kweupe, mchukulie kuwa ni mgonjwa. Ukiumwa, osha jeraha kwa sabuni na maji mengi, nenda hospitali siku hiyohiyo. Chanjo ya kichaa hutolewa kabla dalili hazijaanza. Zikishaanza, tiba huwa imechelewa.

Mbwa wako mfunge kamba. Mbwa huogelea kumfuata biva kwenye kina, na huko mwenye nguvu si mbwa.

Yote hayo nimeyasema kwa kuwa mnauliza. Wanaolaza watu kitandani zaidi huku ni kupe. Wanaeneza ugonjwa wa Lyme, na wanakaa kwenye majani yaleyale unayoyapenya kwenda bwawani. Chomeka suruali ndani ya soksi, na ukirudi jikague mwili mzima siku hiyohiyo: kwapani, nyuma ya magoti, kichwani kwa watoto. Ruba nao wamo mabwawani. Wanaudhi, basi.

Kutembea kuzunguka bwawa kuna ugumu gani?

Mwingi. Biva huchimba mifereji myembamba ya kusafirishia magogo kutoka msituni hadi bwawani, na nyasi huifunika. Unatembea kwenye majani, ghafla umezama hadi kiunoni. Tangulia kwa fimbo. Visiki alivyokata vimechongoka kwa juu. Kuangukia kimoja ni ajali kubwa. Miti mingine ameiguguna nusu akaiacha imesimama, na siku ya upepo haifai kukaa chini yake. Miti iliyokufa kwa mafuriko nayo huanguka bila taarifa.

Kama huna budi kuvuka kwa juu ya ukuta, kanyaga upande wa nyuma ambako matawi yamebanana, wala usikanyage tope la juu. Buti ndefu za mpira zinazofika kifuani, zikijaa maji kwenye tope, zinakuwa mzigo wa kukuzamisha. Funga mkanda kiunoni. Usiende peke yako mahali ambapo simu haishiki.

Maji yanaonekana safi kabisa. Naweza kunywa?

Usinywe. Kuna kimelea kiitwacho giadia ambacho biva, wanyama wengine na binadamu hukisambaza kupitia kinyesi. Huku ugonjwa wake umepewa jina la homa ya biva, japokuwa watu nao wamechangia sana kuyachafua maji ya msituni. Dalili huanza wiki moja hadi tatu baadaye: kuharisha, tumbo kujaa gesi, uchovu, kupungua uzito. Mtu husahau kabisa kwamba alikunywa maji bwawani, na daktari asipoambiwa hawezi kukisia.

Chemsha mpaka yatokote dakika moja kamili. Dakika tatu ni kwa sehemu zilizo juu ya mita 2,000, na New England, yaani majimbo haya ya kaskazini mashariki, haina sehemu hiyo. Hata Mlima Washington unaishia mita 1,917. Vidonge vya klorini si vya kutegemewa dhidi ya giadia. Chujio la kubebea mkononi linafaa kama limeandikwa kuwa linazuia vimelea hivyo.

Samaki wa humo analiwa? Mke wangu ni mjamzito.

Analiwa, na nyama yake ni tamu, lakini jibu la mkeo ni tofauti na lako. Samaki wa maji yasiyo na chumvi wa Maine wana zebaki, ambayo nyingi imeletwa na hewa chafu kutoka mbali. Ushauri wa idara ya afya ya jimbo ni huu: mjamzito, anayenyonyesha, anayetarajia kupata mimba, na mtoto wa chini ya miaka 8 wasile samaki wa maziwa na mito ya ndani, isipokuwa trauti wa vijito na samoni wa ziwani, mlo mmoja tu kwa mwezi. Wengine wote wanaweza kula hao wawili mlo mmoja kwa wiki. Baadhi ya maji yana onyo la ziada kwa sababu ya PFAS, kemikali za viwandani zisizooza kwa urahisi, kwa hiyo angalia orodha ya sasa kabla ya kula.

Usile mbichi, wala usimtie ndimu ukadhani ameiva. Samaki wa maji yasiyo na chumvi anaweza kuwa na mnyoo tegu. Mpike mpaka nyama iache kung'aa na kuachana na mfupa.

Samaki wa bwawa zee majira ya joto ana harufu ya tope. Mtoe matumbo palepale, kwangua ile damu nyeusi kando ya uti wa mgongo, mweke kwenye barafu. Nyumbani mpake chumvi, ndimu na kitunguu saumu kwa nusu saa, kisha kaanga mzimamzima na kichwa chake. Magamba yake ni madogo mno, hayahitaji kuparuliwa. Kwa ugali na mchicha, hamtamtaka mwingine.

Ukuta wao umefurisha njia ninayopita. Naweza kuubomoa kidogo?

Usiuguse. Majimbo mengi yanahitaji kibali, na mlinzi wa wanyamapori hatakubali maelezo kwamba ulikuwa unatafuta njia ya kuvulia. Tope lililokaa nyuma ya ukuta likifunguliwa ghafla linateremka kuziba changarawe ya mayai huko chini, na aliye na daraja au barabara upande wa chini atakutafuta.

Halafu ni kazi bure. Mtafiti wa Sweden, Lars Wilsson, aliwapigia biva sauti ya maji yanayotiririka kwa kipaza sauti, nao wakaanza kujenga ingawa maji yenyewe hayakuwepo. Tundu lako litasikika usiku huo, na asubuhi litakuwa limezibwa. Mwenye shamba anayefurikiwa husaidiwa kwa kupitisha bomba refu ndani ya ukuta, mdomo wake ukizungushiwa seng'enge mbali na ukuta. Maji yanashuka kimyakimya, biva hasikii pa kuziba, na wanaishi pamoja.

Kuvua kwenye barafu je?

Maziwa makubwa ni bora kuliko mabwawa ya biva. Kanuni inayofahamika ni kwamba mtu kwa miguu anahitaji walau inchi nne za barafu safi, ngumu, isiyo na rangi ya maziwa. Kwenye bwawa la biva inchi hizo hazilingani kutoka hatua moja hadi nyingine. Biva wanapita chini kila siku kwenda kwenye akiba yao, mapovu yao na mwendo wao vinalainisha barafu karibu na nyumba. Kwenye ukuta na penye kijito kinachoingia maji hayatulii. Tena ukuta ukivuja katikati ya majira ya baridi, maji yanashuka na barafu inabaki juu ikiwa na uwazi chini yake. Mimi sivui barafu hapo, na sijaona sababu ya kuanza.

Naweza kuvua huko nyumbani Afrika Mashariki samaki kama hawa?

Trauti, ndiyo. Anayetoka Nyeri au Kirinyaga anawajua. Waingereza waliwaleta mwanzoni mwa karne ya 20, na mpaka leo wamo kwenye mito baridi ya Mlima Kenya na Aberdare. Ni trauti wa kahawia na trauti wa upinde wa mvua, siyo huyu wa vijito. Biva hawakuletwa, na tushukuru. Argentina ilileta 20 mwaka 1946 huko Tierra del Fuego kwa ajili ya manyoya. Miti ya huko haichipui tena inapokatwa kama mierebi ya Amerika Kaskazini inavyochipua, na sasa Argentina na Chile zinahangaika na misitu iliyokufa.

Nahitaji leseni? Na bwawa ni la nani?

Maine, kila mwenye miaka 16 au zaidi anahitaji leseni. Inapatikana mtandaoni, ofisi za miji na baadhi ya maduka. Kuna wikendi moja Februari na moja Juni ambapo kuvua ni bure bila leseni, ila kanuni nyingine zote zinabaki palepale. Ni nafasi nzuri ya kumjaribisha mgeni au mzazi aliyekuja kutembea.

Kuhusu umiliki, sheria iliyorithiwa tangu miaka ya 1640 inafanya bwawa la asili lenye zaidi ya ekari 10 kuwa la umma, na unaweza kulifikia kwa miguu. Mabwawa mengi ya biva hayafikishi hapo, na ardhi iliyo chini yake ni ya mtu. Wenye ardhi wa Maine wengi hawana kinyongo na mvuvi anayebisha hodi. Bisha hodi. Jieleze, uliza pa kuegesha gari, na usiache uzi wala kopo. Asiyebisha hodi anawafungia mlango wote wanaomfuata, na sisi tunaonekana kwa urahisi.

Nimekuta mtego bwawani. Niuondoe?

Usiuguse. Biva hutegwa kisheria msimu wa baridi kwa manyoya, na mtego una mwenyewe mwenye leseni. Kuutegua ni kosa, tena mitego ya chuma ya biva inavunja mkono. Kama unaona umewekwa wakati msimu umefungwa, au mahali watoto wanapochezea, piga picha kwa mbali, weka alama ya mahali kwenye simu, umwarifu mlinzi wa wanyamapori wa wilaya.